Hiace yetu inayumba kwenye upepo: tuanze na nini kabla ya kununua vifaa?

"Mimi na mume wangu tuna Hiace ya dizeli, ile ndefu yenye paa la juu, tuliyoigeuza nyumba ya safari. Ndani tuna kitanda, jiko, betri mbili na tangi la maji la lita 100, vyote nyuma karibu na mlango. Juu ya paa kuna keria yenye tairi la akiba la pili, madumu mawili ya dizeli na sanduku la vyombo. Mwezi uliopita tulikwenda Marsabit na watoto. Kwenda hatukuona shida. Kurudi tulitoka Marsabit saa kumi na mbili alfajiri tukikimbia jua, na kuanzia Logologo hadi kupita Laisamis gari lilitutesa. Linasukumwa kulia, nalirudisha, linakwenda kushoto kuliko nilivyotaka. Basi lilipotupita nilidhani tumekwisha. Nilikaza usukani mpaka mikono ikafa ganzi. Sasa fundi wetu anasema tuongeze pleti mbili za springi nyuma. Duka moja linatuuzia shokomzoba ya usukani. Shemeji anasema tuweke magunia ya mchanga nyuma ili gari lishike barabara. Dereva mmoja wa lori alitwambia tuliuze tu. Pesa hatuna nyingi, na Desemba tumewaahidi watoto Loiyangalani, kule Ziwa Turkana. Tuanze na nini?"

Dada yangu, poleni sana, na nashukuru mlifika salama. Kuendesha gari linalokwenda linakotaka lenyewe, watoto wakiwa wamelala nyuma, ni jambo la kutisha. Nafanya kazi ya usukani na springi huko Nakuru mwaka wa kumi na tisa sasa, na gari unalolieleza nalijua: nimelala chini ya Hiace nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jibu langu fupi ni hili: msiliuze, na msinunue kitu chochote kwa sasa. Kosa kubwa la gari lenu limo kwenye namna mlivyopanga mzigo, na kulirekebisha kunahitaji siku moja ya kazi ya mikono. Lakini nataka uelewe kwa nini, maana ukielewa hutauziwa vitu.

Tuanze na mahali penyewe. Upepo wa kule si wa kubahatisha. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu za Kenya kuna uwazi, na hewa inayotoka kusini-mashariki hubanwa hapo kama maji yanayopita kwenye mfereji mwembamba, ikaongeza kasi. Ndiyo sababu mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa kule karibu na Ziwa Turkana, ikazinduliwa rasmi mwaka 2019. Upepo huo una saa zake pia: huwa mkali zaidi usiku hadi asubuhi, na hupungua mchana kuelekea alasiri. Ninyi mlitoka alfajiri kukwepa jua, mkaingia jangwa la Kaisut wakati upepo uko kwenye kilele chake.

Umesema kwenda hamkuona shida. Hiyo ndiyo sentensi iliyonisaidia kuliko zote. Barabara ya Isiolo kwenda Marsabit inaelekea kaskazini. Mkienda, upepo wa kusini-mashariki unawapiga ubavu wa kulia kutokea nyuma. Mkirudi, unawapiga ubavu wa kushoto kutokea mbele. Tuseme upepo una kasi ya kilomita 50 kwa saa nanyi mnakwenda 80. Mkienda kaskazini, gari linakutana na hewa ya karibu kilomita 70 kwa saa. Mkirudi, hewa ileile inakutana na gari kwa zaidi ya 110. Msukumo wa pembeni unazidi ule wa kwenda kwa zaidi ya mara moja na nusu, na gari ni lilelile na dereva ni yuleyule. Kisha kuna jambo baya zaidi: sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo upepo wa kushoto unakusukuma kuelekea magari yanayokuja. Ukienda, unakusukuma kuelekea ukingo wa barabara, na hapo una nafasi ya kukosea.

Sasa ukubwa wa nguvu yenyewe. Ubavu wa Hiace ndefu yenye paa la juu ni kama mita 10 za mraba. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiupiga ukuta wa ukubwa huo, unausukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 40 na kitu. Upepo wa 60 hausukumi mara mbili, unasukuma mara nne: karibu kilo 170, na hapo gari limesimama tu. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kwa hiyo dharuba moja ya ghafla inaweza kukugeuzia hali yote katika kufumba na kufumbua, na ndiyo inayotisha kuliko upepo wa mfululizo. Upepo wa mfululizo unauegemea tu, kama mtu anayetembea ufukweni.

Hapa sasa ndipo mzigo wenu unapoingia. Chukua mshale. Fundi wa mishale huweka chuma mbele na manyoya nyuma. Uzito uko mbele, na sehemu inayoshikwa na hewa iko nyuma, hivyo upepo ukiupiga ubavuni mshale hujinyoosha wenyewe. Ugeuze, uzito uwe nyuma na manyoya mbele, utapinduka hewani. Hiace ina pua bapa na ndefu kwenda juu, na upepo wa pembeni unaishika zaidi sehemu ya mbele. Sasa ninyi mmebeba tangi, betri, jiko na mitungi, mkavirundika vyote karibu na mlango wa nyuma. Mmetengeneza mshale uliogeuzwa. Upepo ukipiga, mkia mzito unabaki palepale na pua inageuka.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye Hiace ndefu, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 3.11. Tangi lenye kilo 100 za maji likikaa kama sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma (ule mhimili wa magurudumu mawili ya nyuma), halibebwi na ekseli hiyo peke yake. Linafanya kazi kama bembea ya watoto: linakandamiza nyuma kwa karibu kilo 129 na kuinyanyua mbele kwa karibu kilo 29. Ongeza betri, gesi na jiko, magurudumu ya mbele yanayoshika usukani yanakuwa yamepunguziwa uzito mwingi. Ndiyo maana unageuza usukani na gari linajibu kwa kuchelewa, kisha linajibu kupita kiasi.

Ukifahamu hilo, ushauri uliopewa unaweza kuupima mwenyewe. Shemeji yako hakukosea kabisa. Lori lenye mzigo hutulia kwenye upepo kuliko lori tupu, na malori yanayopinduliwa na upepo mara nyingi ndiyo yale matupu. Lakini lori lenye mzigo mzuri limebeba kati ya ekseli, chini. Magunia ya mchanga nyuma ya ekseli yatawaongezea ugonjwa uleule mnaotaka kuutibu, na matairi yatabeba uzito usio na faida. Mwambieni kwa heshima kwamba wazo lake ni zuri, mahali ndipo si pake.

Pleti za springi nina ugomvi nazo zaidi, kwa sababu kila gereji inaziweka na kila mteja huridhika siku ya kwanza akiona mkia umenyanyuka. Magurudumu ya mbele yameegemezwa kidogo kwa nyuma, kama gurudumu la mbele la baiskeli lilivyo na uma uliolala. Pembe hiyo, mafundi wanaiita kasta, ndiyo inayofanya usukani urudi katikati wenyewe ukiuachia. Ukinyanyua mkia wa gari kwa pleti, unaipunguza pembe hiyo, na gari linakuwa na wasiwasi zaidi barabarani. Kama springi zenu zimechoka na gari limelala, badilisheni mrudishe urefu wa kawaida. Kuzidisha juu ya huo, hapana.

Shokomzoba ya usukani haina ubaya, ila haitibu. Inapunguza mtetemo wa usukani na kuuzuia usinyang'anywe mkononi tairi likiingia shimoni. Haijui gari liko wapi barabarani na haiwezi kulirudisha. Ukiiweka kwenye gari lenye bushi zilizokufa, yaani mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari, itakuficha dalili uliyopaswa kuisikia. Hiyo iacheni dukani.

Basi tufanye nini? Anzeni kwa kulipima gari. Nendeni na mzigo wote, maji yamejaa, mafuta yamejaa, familia imeketi, kama siku ya safari. Mizani ya malori ipo kwenye maghala mengi ya nafaka na machimbo ya kokoto, na wengi hawatawakatalia mkiwaomba kwa ada ndogo. Pimeni ekseli ya mbele peke yake, kisha gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Linganisheni na uzito wa juu ulioandikwa kwenye hati za gari. Watu wengi waliofika kwangu na nyumba za magurudumu walishtuka kwa namba hiyo, na kama mmezidisha, hakuna kifaa cha kuongeza kitakachowaondolea hatari, ni kupunguza.

Kisha hamisheni. Tangi la maji lije mbele ya ekseli ya nyuma, sakafuni, chini ya kitanda ikiwezekana. Betri zije nyuma ya kiti cha dereva, zifungwe kwa mkanda wa chuma zisiruke mkipata ajali. Keria iachieni vitu vyepesi tu: mahema, magodoro, viti vya kukunja. Tairi la akiba la pili na madumu ya dizeli vishuke. Dizeli juu ya paa ni mzigo wa juu kabisa unaoyumba ndani ya dumu, na keria yenyewe imeongeza ukuta wa kushikwa na upepo. Kwenye barabara ya lami ya leo hadi Moyale hamhitaji mafuta ya akiba kama walivyohitaji waliosafiri miaka 20 iliyopita. Beba dumu moja, sakafuni, nje ya sehemu mnayolala.

La pili ni matairi, na hapa lugha yetu inatuchanganya kidogo, maana tunaita upepo kile kilicho nje na kile kilicho ndani ya tairi. Upepo wa ndani ndio silaha yenu dhidi ya wa nje. Tairi lenye upepo mdogo hujipinda ubavuni, na gari linacheza juu ya mpira kabla tairi halijaanza kuvuta. Hiace hiyo hutoka na matairi ya gari la mizigo, mengi ni 195/80R15 yenye alama 107/105 na herufi LT. Namba 107 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 975. Nimeona nyumba za safari zimevishwa matairi ya gari dogo kwa sababu yalikuwa bei nafuu na yana sura nzuri. Someni ubavu wa matairi yenu leo. Kipimo cha upepo fuateni kile cha kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kwa gari lililojaa, mpime asubuhi matairi yakiwa baridi. Magari ya Japani huandika kipimo hicho kwa kPa, na mashine zetu za gereji husoma kwa kipimo kingine, PSI. 300 kPa ni kama PSI 43. Usizidishe kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na usipunguze tairi likiwa moto baada ya safari.

La tatu ni chini ya gari, na hili ndilo ninaloomba ulifanye mbele ya macho yako, si kuachia gari gereji na kurudi jioni. Ekseli ya nyuma ya Hiace inashikiliwa na springi za pleti, na springi hizo zinashikwa mwishoni na bushi za mpira. Juzi nililetewa Hiace yenye malalamiko kama yako. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha shokomzoba zote nne. Nilichomeka mtaimbo kati ya springi na mkono wake wa kuning'inia, nikausukuma taratibu. Bushi ilitoa unga mweusi, na ekseli nzima ikasogea pembeni karibu upana wa kidole cha mtoto. Nikamwita mwenye gari aje aone. Hebu fikiria: gari linasukumwa na upepo, mwili unasogea, ekseli ya nyuma inabaki na kukaa mshazari. Mkia unaanza kuendesha gari. Dereva anarudisha usukani mbele, na nyuma inaachia kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo "linakwenda kushoto kuliko nilivyotaka" uliyoniandikia. Bushi mpya zikawekwa, na bei yake haikufika hata robo ya zile shokomzoba.

Kwa hiyo mwambie fundi akague kwa mtaimbo bushi za springi, bushi za mikono ya mbele, boljointi na tairodi (viungo vya magurudumu ya mbele na usukani), na mchezo wa raki ya usukani. Shokomzoba aangalie kama zinavuja mafuta; kulirusharusha gari kwa mkono pale uwanjani hakutoshi. Vikiwa vizima, ndipo ukafanye alainmenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, na ifanywe gari likiwa na mzigo wa safari, si tupu. Omba karatasi yenye vipimo kabla na baada. Ncha za mbele za matairi ya mbele zinapaswa kukaribiana kidogo sana kwa kadiri ya kiwanda. Zikifunguka nje, gari huwinda kila ufa wa lami. Kasta iwe sawa pande zote mbili.

Mkishafanya haya mkaendesha, na bado gari linalala sana ubavuni, hapo ndipo ningefikiria stabilaiza ya nyuma, ile fito ya chuma inayozuia gari kuinama, kama gari lenu halina. Itapunguza kuinama. Haitapunguza kusukumwa. Na isizidishwe ugumu, maana nyuma ikikazwa mno, mkia huwahi kuteleza kwenye kona yenye matope au mchanga. Spesa za kutanua magurudumu sizipendekezi: zinaongeza mzigo kwenye beringi na bolti, na faida yake kwenye upepo ni ndogo.

Yote hayo yatalifanya gari litulie. Hayataliondolea ule ubavu wa mita 10 za mraba, na nisingekuwa mkweli kama ningekuahidi kuwa litakwenda kama gari dogo. Ndiyo maana mwendo ndio breki ya upepo. Kwenye 80 unakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Kwenye 60 ni kama 17. Ukipunguza, upepo unapungua nguvu na wewe unapata muda wa kurekebisha kabla hujavuka mstari. Shika usukani kwa mikono miwili pande mbili, lakini uulegeze mabega. Mikono iliyokakamaa hurudisha kwa kishindo, na marekebisho ya upepo yanatakiwa yawe madogo na ya mapema. Tazama mbali: vumbi linalovuka barabara, nyasi zilizolala, mifuko iliyonasa kwenye miiba. Ukiona barabara inatoka kwenye mkato wa kilima na kuingia uwanda wazi, punguza kabla hujatoka.

Basi kubwa likija kukupita kutoka nyuma, litakusukuma kwanza, kisha litakuvuta kuelekea kwake, na kama upepo unatoka kulia, likishapita utakurudia ghafla. Hali kadhalika lori linalokuja mbele yako upepo ukitoka kulia: kwa nukta moja linakukinga, wewe bado umeuelekeza usukani kulia kupambana na upepo, na gari linaruka kulia. Usiongeze nguvu ya mkono wakati huo. Achia mafuta kidogo, usikanyage breki kwa nguvu, subiri lipite. Na ukijikuta unahitaji zaidi ya nusu ya upande wako wa barabara ili kulinyoosha gari, au ukiona malori marefu yameegeshwa yakisubiri, tafuta mahali pa wazi uegeshe. Laisamis kuna chai nzuri, na saa mbili za kusubiri si hasara.

Kuna dalili ambazo si za upepo, na ukiziona usisafiri mpaka gari liguswe na fundi wa usukani: gari kuvuta upande mmoja siku isiyo na upepo, mlio wa kugonga ukigeuza, usukani kuwa na mchezo wa zaidi ya upana wa vidole viwili kabla magurudumu hayajajibu, tairi kuliwa upande mmoja, au uvimbe wowote ubavuni mwa tairi. Hizo haziponi kwa kupanga mzigo.

Sasa safari ya Desemba. Kutoka Marsabit kurudi kusini, ondokeni kama saa tano hadi saa sita mchana, mkilenga kuingia Isiolo kabla ya giza, maana jioni mbuzi na ngamia huwa barabarani. Jua litawachoma, lakini upepo utakuwa umelegea. Njia ya Laisamis kwenda Loiyangalani ni ya changarawe, ile iliyokarabatiwa kwa ajili ya mitambo ya upepo, na mwendo wenu utakuwa mdogo kiasi kwamba kuyumba hakutakuwa taabu yenu kubwa. Taabu itakuwa usiku. Upepo hushuka kutoka mlima Kulal kwa kishindo, kwa hiyo egesheni pua ikiutazama upepo, si ubavu. Kabla ya kufungua mlango wa mbele, ushikeni kwa mikono miwili. Na ule mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu msiufungue kabisa upepo ukitoka nyuma: utakuwa tanga, na bawaba zake hazikutengenezwa kwa kazi ya jahazi.

Mkishapima kwenye mizani, niandikie namba tatu: mbele, nyuma, na jumla, pamoja na picha ya kibandiko cha mlangoni. Nitakwambia kama tangi mlilohamisha limefika mahali pake au lisogee tena.